Kuchacha

Nyumbani kwetu Samaili neno hili halina heshima.
Uji wa jana umechacha. Tui limechacha.
Hata kaka yangu Hilali, mwisho wa mwezi,
hugeuza mifuko nje, kama mtu anayekaguliwa:
"Nimechacha, Bi Mkubwa."
Na mama, aliyezaliwa Wete akaletwa huku na miaka tisa,
ana dawa moja ya vyote vilivyochacha:
mwaga.

Sasa nimwambieje kwamba mimi, bintiye,
nalipwa mshahara nichachushe?

Kila Jumapili Biju hushusha magunia ya tende zilizokataliwa,
mabsali zilizopasuka, khasabu zilizoliwa na wadudu upande mmoja,
tende za kutupiwa mbuzi.
Tunaziloweka, tunazikamua, tunachuja kwa kitambaa.
Juisi tunaichemsha afe kila aliyejiingiza,
halafu, ikipoa, tunawakaribisha tunaowataka:
bakteria wa siki, kijiko kimoja,
umati usiojaza ukucha.

Kisha sinia. Kisha giza, na joto la nyuzi thelathini.
Daktari Ghaniya ameandika mlangoni kwa wino mwekundu
USITIKISE,
nasi tunapita kwa ncha za vidole
kama nyumba yenye mtoto aliyepata usingizi baada ya homa.

Siku ya tatu, hakuna kitu.
Siku ya nne, kama pumzi juu ya kioo.
Siku ya kumi nauinua kwa mikono miwili
nao unaning'inia, mzito, unateleza,
utando mnene, karibu wote maji na bado haumwagiki.
Wameusokota bila pia, bila kitanda cha mfumi, bila jicho,
kwa nyuzi ambazo unywele, mbele yake, ni gogo la mnazi.
Sukari wamekula, nguo wametuachia.
Tunauchemsha katika magadi makali mpaka wafumaji waishe
(hapa huwa nanyamaza kidogo, sijui kwa nini)
na kuusuuza, na kuusuuza, mpaka unapita mwanga.

Mwezi wa Shaabani mama aliungua.
Sufuria la halua liliinama, kiganja chote cha kulia.
Mimi nilikuwa na utando kwenye friji ya kazini,
upana wa kiganja, namba 47-B.
Umelazwa juu ya vioo, juu ya nyama ya buchani,
haujalazwa juu ya mtu. Idhini haijarudi.
Nilifungua friji. Nikaifunga.
Nikaenda naye hospitali, nikamshika mkono mzima
wakati wanabandua shashi iliyoganda na ngozi,
naye akatoa neno la Kipemba ambalo siliandiki.

Ndani ya gari nikamweleza: sinia, giza, karatasi ya mlangoni,
kitu kitakachokaa juu ya kidonda kikiwa kibichi
na kutoka bila kuondoka na nyama.
"Utando," nikasema.
"Wa buibui?"
"Wa tende, mama. Wa tende zilizochacha."
Akautazama mkono wake uliofungwa kama mzigo wa safari.
"Lini?"
"Miaka mitatu. Labda minne."
"Mimi nitakuwa nishapona," akasema.
"Lakini watu hawaachi kuungua."

Ijumaa iliyopita nimekuta nyuma ya gunia la mchele
jagi la kioo, kitambaa mdomoni, lastiki shingoni,
na karatasi yenye mwandiko wa mkono wa kushoto,
herufi zimelewa, zinapanda mlima:
USITIKISE.
Ndani, juisi ya tende.
Juu yake ukungu wa kijani, wenye manyoya.
Si wale wetu. Hawa wamekuja bila kualikwa.
Hiki kimechacha kweli, kwa maana ya zamani,
ni cha kumwaga.

Nimekaa nacho hapo sakafuni mpaka adhana ya alasiri.
Sijakitikisa.